Kisa cha risiva ya Mbezi: kuichagua, kuifunga na kuishi nayo

Mteja wa kisa hiki ni fundi umeme wa meli aliyestaafu. Amezunguka baharini sehemu kubwa ya maisha yake, miaka ya mwisho akaifanyia Muscat, kisha akarudi kujenga Mbezi Beach. Nitamwita Mzee, kwa kuwa ndivyo ninavyomwita hata tukiwa uso kwa uso. Yeye huniita kijana, ingawa nina watoto wanaosoma sekondari. Alinipigia simu akiwa na majina matatu ya risiva, lile boksi la amplifaya linalopokea picha na sauti na kuzigawa kwenye televisheni na spika, kwenye karatasi na swali moja: achukue ipi? Nikamjibu naomba kwanza nije nione sebule.

Kazi yangu ni kufunga mifumo ya sauti majumbani, na wateja wengi huja kinyumenyume kama alivyokuja yeye. Wanaanza na chombo, halafu wanatafuta pa kukiweka. Msimamo wangu ni kwamba ukishavuka dola elfu mbili hivi, bei inayoongezeka haileti sauti tamu kwa kadiri ile ile. Inaleta chaneli zaidi (kila chaneli huendesha spika moja), transfoma nzito zaidi na matundu mengi zaidi nyuma. Kama nyumba haina pa kuzitumia chaneli hizo, umenunua kilo. Kisa cha Mzee nimekichagua kwa sababu kila hatua yake iliamuliwa na chumba au umeme, na kwa sababu yeye mwenyewe si mtu wa kudanganywa kirahisi.

Majina matatu

La kwanza lilikuwa Denon AVR-X8500H iliyotumika. Mwanawe anayeishi Houston aliipata kwa mtu. Risiva hii ilitoka mwaka 2018 kwa dola 3,999, ikiwa na chaneli 13 za amplifaya ndani ya boksi moja, Wati 150 kwa chaneli kwa vipimo vya kiwanda, na uzito wa kilo 23 na ushei. La pili lilikuwa Denon AVC-A1H mpya, ya mwaka 2023, chaneli 15, kilo 32, na bei yake Marekani ilianzia dola 6,499. La tatu ni AVC-X4800H ya kizazi hicho hicho, chaneli tisa za amplifaya, Wati 125, iliyoanzia dola 2,499. Moyo wa Mzee ulikuwa kwenye la pili. Mwenzake wa Muscat anayo, na nilielewa haraka kwamba shindano hilo lilikuwa na umri mrefu kuliko risiva yenyewe.

Baadaye likajitokeza jina la nne. Muuzaji wa Deira, Dubai, alimpa bei nafuu ya AVC-X6700H ya mwaka 2020. Hiyo niliikataa kwa simu, hata kabla ya kwenda. Risiva za mwaka ule za Denon, Marantz na Yamaha zilitoka na chipu ya HDMI 2.1 yenye kasoro: ukichomeka Xbox Series X na kuomba picha ya 4K kwa fremu 120 kwa sekunde, kioo kinakuwa cheusi. Kampuni mama ya Denon na Marantz ilikuja kutoa kisanduku cha bure cha kurekebisha, kinachoitwa SPK618, na Yamaha ikakubali kubadilisha bodi. Ukiwa Ujerumani ni usumbufu mdogo. Ukiwa Dar es Salaam, kwa chombo kilichopitia kwa muuzaji wa Deira, nani atakutumia kisanduku? Na Mzee ana wajukuu wanaocheza gemu.

Sebule

Nilikuta chumba cha mita 6 kwa 4.3, dari ya jipsamu kwenye mita 3, kuta za tofali za saruji, sakafu ya marumaru inayong'aa, madirisha makubwa ya alumini upande wa bahari na pangaboi katikati. Upande mmoja umefunguka kwenda chumba cha kulia. Kochi la watu wanne limegandamizwa kwenye ukuta wa nyuma, kama lilivyo katika nusu ya sebule za mji huu. Nilipiga kofi moja katikati ya chumba. Mlio ulirudi, ukarudi tena, ukachelewa kufa.

Nikamwomba Mzee tufanye jambo moja: tuhesabu mahali pa spika kabla ya kuhesabu chaneli. Mbele ziko tatu, hilo halina mjadala. Pembeni ziko mbili, moja ukutani na nyingine kwenye nguzo ya upande ule uliofunguka. Nyuma je? Mfumo wa chaneli saba unataka spika mbili zaidi nyuma ya mgongo wa msikilizaji, na Dolby, kampuni iliyobuni mfumo huu wa sauti, huzichora kwenye nyuzi 135 hadi 150. Mgongo wa msikilizaji wetu ulikuwa umeegemea ukuta. Ukizibandika hapo, mtu wa kochi anasikia spika ya sikio lake tu, kelele bila mwelekeo. Tukazifuta. Dari ilibeba nne. Jumla tisa, bila kuhesabu sabufa.

Chaneli 15 zingekwenda wapi? Mzee akatazama ukuta wa nyuma kwa muda, akasema, "Kwa hiyo sita zitakuwa mapambo." Sikuongeza neno.

Palibaki suala la Wati 150 dhidi ya 125, nalo lilikuwa jepesi zaidi kwake kuliko kwa wateja wengi. Tofauti hiyo ni desibeli 0.8, kiasi ambacho sikio halikitambui wakati mtu anatazama filamu. Na Wati hizo hupimwa chaneli mbili tu zikifanya kazi. Zote zikidai kwa pamoja, transfoma ni moja na kila chaneli inapata pungufu. Spika tulizokusudia hutoa desibeli 88 kwa Wati moja ukiwa mita moja mbele yake. Kochi liko kama mita 4.5, kwa hiyo katika uwanja wa wazi Wati ile moja inafika ikiwa desibeli 75. Hicho ni kiwango cha mazungumzo ya filamu yanayosikika vizuri, na chumba chenye kuta kinaongeza kidogo. Mlipuko unaoruka desibeli 20 juu ya hapo unadai Wati 100 kwa kufumba na kufumbua. Besi nzito inabebwa na sabufa zenye amplifaya zao wenyewe. X4800H inatosha, na pumzi inabaki.

Mashine ya Houston

Mwana hakuwa amekata tamaa. Ile X8500H ilikuwa bei ya kutupa, na angeipakia kwenye kontena la jamaa pamoja na mali nyingine. Alituma picha ya mgongo wake. Kibandiko kilisomeka AC 120V, 60Hz.

Hapa sikulazimika kusema mengi, kwa sababu meli nyingi hutembea kwa volti 440 na Hz 60, na Mzee ameishi na transfoma za aina hiyo maisha yake yote. Wengi hudhani tatizo ni volti tu. Unanunua transfoma ya kushusha, 230 inakuwa 110, yameisha. Lakini transfoma haibadilishi Hz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Kinachoingia Tanzania ni Hz 50, na kile chuma cha ndani ya risiva kilipigiwa hesabu ya 60. Mzee alichukua bahasha akaandika nyuma yake: 120 gawanya kwa 60 ni 2, na 110 gawanya kwa 50 ni 2.2. Chuma kinabebeshwa sumaku asilimia kumi zaidi ya kile kilichokusudiwa, na kwenye 120 kamili kwa Hz 50 inakuwa asilimia ishirini. Ili kibaki pale pale ungelazimika kukipa volti 100, na hapo unakaribia kukinyima. "Kinajaa," alisema, "kitanguruma, kitachemka, na hapa Mbezi saa nane mchana nje kuna joto gani?"

Wapo wanaoishi na mashine za namna hiyo miaka na hazijaungua, siwabishii. Viwanda vingi huacha nafasi kwenye chuma. Ila transfoma ya kushusha inayofaa risiva ya ukubwa ule ni ya kVA 2 hivi, nayo ni boksi zito la pili, linalonguruma, linalokula uniti hata risiva ikiwa imelala usipolizima ukutani. Isitoshe, X8500H ya awali ilikuja na HDMI ya kizazi cha nyuma. Kuipandisha kulihitaji kubadilishiwa bodi kwa malipo, kazi ya karakana zao. Mzee akampigia mwanawe akamwambia asante baba, iuze huko huko.

Hivyo ikaagizwa AVC-X4800H ya volti 230 kutoka Dubai, mpya, kwa wakala wa kawaida. Ushuru, VAT ya asilimia 18 na gharama za bandari vilipandisha bei kama vinavyopandisha kila kitu. Hata hivyo fedha iliyobaki chini ya bajeti ya A1H ilitosha sabufa mbili nzuri badala ya moja, nne za darini na kazi yangu. Kwangu, uamuzi mzima wa kisa hiki uko hapo: chaneli sita zisizo na mahali ziligeuzwa sabufa ya pili.

Waya na kochi

Kuhusu waya nitasema kitu kimoja tu, kwa sababu kimeshaharibu kazi nyingi nilizoitwa kuzirekebisha. Waya wa spika unaouzwa kwa wingi Kariakoo kama shaba mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kata ncha, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe ndani, urudishe. Alumini hubeba umeme vibaya zaidi na huvunjika kwenye skrubu, na kwa upepo wa chumvi wa Mbezi ile kata inaanza kuoza mapema. Tulitumia shaba ya milimita 2.5 za mraba, waya wa kawaida wa nyumba wenye nyuzi laini. Ulipita juu ya jipsamu bila kupasua ukuta, isipokuwa kwa spika moja ya pembeni.

Spika za dari zilitaka mjadala na pangaboi. Dolby wangependa jozi ya mbele iwe kwenye nyuzi 45 kutoka kwa msikilizaji. Sikio la aliyekaa liko kama mita moja kutoka sakafuni na dari iko mita tatu, kwa hiyo jozi hiyo ikae mita mbili mbele ya kichwa. Hapo ndipo mapanga yanapofika. Sauti ikipita kwenye mapanga yanayozunguka inakatwakatwa, unasikia mvua ya filamu inapepea. Tuliisogeza jozi nje zaidi kuelekea kuta, pangaboi likabaki na uwanja wake. Hakuna aliyewazia kuliondoa, labda mtu asiyewahi kukaa Dar mwezi wa pili.

Kochi ndilo lililokuwa vita. Nilitaka litoke ukutani sentimita 120. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Fundi, kochi likae katikati ya nyumba kama kituo cha daladala?"

"Mama, ukutani besi inajaa, mazungumzo hutayasikia."

"Mimi nasikia vizuri. Hamsikii nyie."

Nilimwomba akae hapo hapo alipopazoea. Nikaweka wimbo wenye besi ya kutembea, nikamwomba asimame, asogee hatua mbili mbele, arudi. Alifanya hivyo bila kusema kitu, akarudia mwenyewe. Kisha akasema sentimita themanini, na nyuma yake itakaa meza yake ndefu ya maua. Tukapatana.

Alichokisikia kina hesabu yake. Mita 6 za urefu, kwa hewa ya joto letu, huzaa mvumo kwenye Hz 29 hivi, na mita 4.3 za upana huzaa mwingine kwenye Hz 40. Ukuta wa mbao na jipsamu kama wa nyumba nyingi za Marekani hunyonya sehemu ya besi na kuipeleka nje. Tofali la saruji haliinyonyi, linairudisha nzima. Ukutani kabisa ndipo shinikizo linapokuwa kubwa kuliko kote. Ndiyo maana ushauri mwingi wa besi unaotoka huko haufiki nyumba zetu ukiwa kamili. Wao wanatafuta besi zaidi, sisi tunatafuta pa kuipunguzia.

Sabufa mbili zilisaidia kuliko kingine chochote. Tuliziweka katikati ya kuta mbili za pembeni zinazotazamana, upande uliofunguka ikasimama kwenye nguzo, na ule mvumo wa Hz 40 ukashuka, kwa kuwa moja inasukuma pale nyingine inapokataa. X4800H ina matundu manne ya sabufa yanayopimwa kila moja kivyake. Sifa hiyo haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi, lakini kwa chumba cha saruji ina thamani kuliko chaneli mbili za ziada.

Jozi ya nyuma ya dari ilikaa sentimita 60 tu nyuma ya vichwa, karibu na utosi kuliko michoro ya Dolby inavyotaka. Kochi lingekuwa mbali zaidi na ukuta, zingekaa vizuri zaidi. Nimeridhika nazo kwa sebule ambayo watu wanaishi.

Kupima

Kupima kwa Audyssey, mfumo wa ndani ya risiva unaorekebisha sauti kulingana na chumba, hufanywa kwa maiki ndogo inayosimamishwa usawa wa sikio, na risiva hutoa milio ya kuteleza kwenye kila spika, mahali hadi panane kuzunguka kochi. Kinachotakiwa ni ukimya, na ukimya wa Mbezi hununuliwa. Pangaboi lizimwe, kiyoyozi kizimwe, jokofu lichomolewe, madirisha yafungwe, mbwa apelekwe nyuma. Tulisubiri hadi baada ya sala ya isha. Tukakaa gizani tunatokwa jasho, Mzee ameshika simu kama nahodha, mjukuu mmoja amekatazwa kucheka na kwa hiyo hawezi kujizuia. Bodaboda ikipita wakati wa mlio, mahali pale panarudiwa.

Matokeo ya mashine usiyaamini yote. Iliziita spika za mbele kubwa, ikaziachia besi yote. Nilizirudisha kuwa ndogo na kuweka mpaka kwenye Hz 80, chini ya hapo mzigo uende sabufa. Nikanunua programu ya simu ya Audyssey, ile ya dola 20 hivi, nikaweka mpaka wa marekebisho kwenye Hz 400 ili isiguse sauti za juu. Pia nikazima lile bonde inalolichimba kwenye Hz 2,000 kwa hiari yake, maana ndilo linalofanya sauti za watu zirudi nyuma. Baada ya hapo nikainua spika ya kati desibeli 2. Kila nyumba yenye sakafu ya marumaru inahitaji kitu kama hicho.

Kuishi nayo

Filamu za usiku zilikuwa sherehe, kama ilivyotarajiwa, na sina la kuongeza hapo. Maisha ya kila siku ya risiva hii ni king'amuzi, mpira, taarifa ya habari, na nyimbo za Jumapili za mama. Huko ndiko nilikoitwa tena.

Malalamiko ya kwanza yalikuwa kwamba taarifa ya habari inavuma. Chanzo kilikuwa Dynamic EQ, kipengele kinachoinua besi na spika za pembeni unaposikiliza kwa sauti ya chini. Kimepigiwa hesabu ya filamu zilizochanganywa kwa kiwango cha sinema. Matangazo ya televisheni huchanganywa juu zaidi, kwa hiyo kinaongeza pasipohitajika. Ndani ya menyu kuna kipimo cha kurudisha nyuma, 5, 10 au 15. Kwa king'amuzi niliweka 15, kwa programu za filamu nikaacha sifuri. Risiva hukumbuka kwa kila tundu. Ni mpangilio wa dakika mbili ambao sijawahi kuukuta umeguswa katika nyumba yoyote niliyoitwa kurekebisha.

Mpira ulimfurahisha Mzee kuliko filamu. Tangazo linafika na chaneli mbili tu, risiva inalitandaza: mtangazaji anakaa kwenye spika ya kati, uwanja unahamia pembeni na juu. Siku ya Simba na Yanga majirani walihamia pale. Mmoja akauliza sauti ya watu inatoka wapi, akaoneshwa dari, hakuamini.

Kisha likaja la kunguruma. Mngurumo mzito wa Hz 50 ulianza kwenye sabufa siku king'amuzi kilipohamishiwa kwenye risiva. Dawa ya haraka ya mafundi wengi ni kung'oa pini ya athi kwenye plagi. Msikubali, hiyo pini ndiyo inayomwokoa mtoto siku chombo kikivuja umeme. Njia ni kuchomoa kebo moja moja hadi ngurumo inyamaze. Ilinyamaza tulipochomoa kebo ya dishi. Dishi lilikuwa na athi yake kwenye bomba la paa, nyumba ina yake, na tofauti kati ya hizo mbili ilikuwa inapita kwenye risiva hadi sabufa. Mzee ndiye aliyelimaliza: aliunganisha athi ya dishi na athi ya nyumba kwa waya mmoja mnene, kimya kikaingia. Alifurahi mno kwamba fundi wa sauti ameshikwa mkono na fundi wa meli.

Umeme wenyewe ulidai heshima. Jioni volti zilikuwa zikishuka chini ya 200, na hatari kubwa zaidi ni dakika ule unaporudi baada ya kukatika, unaporudi kwa kishindo. Tuliweka stebilaiza ya kVA 3 yenye kuchelewesha, isubiri dakika kadhaa umeme utulie ndipo iuachie. Inverta ya betri ya nyumba hiyo hutoa wimbi safi, kwa hiyo risiva haijali. Zile za bei rahisi zenye wimbi la ngazi zingeifanya transfoma ivume. Jenereta ndogo ya petroli nimemsihi asiiunganishe nayo kabisa.

Joto tulilishinda kwa kulikataa kabati. Mama alikuwa na kabati zuri la vioo. Risiva ilikaa humo wiki za mwanzo ikawa haishikiki juu. Ikahamia kwenye meza ya wazi yenye sentimita 20 za hewa juu yake, kitambaa cha kufuma alichotaka kukitandika juu kikaenda kwenye meza ya maua. Kwa LUKU si mzigo wa kutisha. Ukichukulia Wati 100 kwa matumizi ya kawaida, saa nne kwa siku ni uniti 12 hivi kwa mwezi. Ila zima ule uwezo wa kuamshwa kupitia mtandao na HDMI kama huutumii, maana unaifanya isilale usingizi kamili.

Wajukuu nao walikuja na kioo cheusi, PlayStation kwenye fremu 120. Niliogopa, nikikumbuka zile chipu za 2020. Ilikuwa kebo. Walitumia ya mtaani iliyoandikwa 8K kwa rangi ya dhahabu, urefu wa mita tano. Tuliweka fupi yenye kibandiko cha Ultra High Speed na msimbo wa kukaguliwa kwa simu, na kwenye menyu ya risiva tukaweka tundu lile kuwa 8K Enhanced. Picha ikatulia. Tundu la king'amuzi nililiacha kwenye Standard, kwa kuwa baadhi ya ving'amuzi hupotewa vikipewa zaidi ya vinavyokijua.

Sasa imetimiza mwaka na ushei. Masasisho ya programu yamezimwa yasijipakue yenyewe. Tunayaweka tukisoma kwamba yanatibu kitu tunachokiugua, maana mawili matatu niliyoyaona kwingine yalifuta mipangilio. Mama ana kitufe kimoja anachokijua kwenye rimoti, kile cha Quick Select namba moja: king'amuzi, sauti 42, hali ya usiku imezimwa, habari zinasomeka.

Mzee kwa sasa ananisumbua kuhusu Dirac Live, mfumo mwingine wa kupima unaoweza kuwekwa kwenye risiva hii kwa leseni: dola 349 kwa masafa yote, na zaidi kama unataka wa kupanga sabufa kadhaa kwa pamoja. Nimemjibu kwamba ule mlio wa kofi bado uko sebuleni, na hakuna leseni inayonyonya mwangwi. Tumekubaliana pazia nzito upande wa vioo na zulia kubwa kati ya kochi na televisheni, kisha tupige kofi tena. Zulia limeshanunuliwa. Pazia mama hajaipenda rangi.